Mwanya Chini ya Jiwe: Kutafuta na Kutengeneza Maficho ya Kambare Wadogo wa Mitoni

Mtu akisikia "kambare" humfikiria yule wa matopeni, mumi, anayeuzwa sokoni kwa kilo. Wapo wengine ambao unaweza kuvuka mto kila siku kwa miaka usiwaone hata mara moja. Wengi wao hawazidi urefu wa kidole, hutoka usiku, na mchana kutwa wamelala chini ya mawe yaleyale unayoyakanyaga. Wamo katika vijito vya Usambara, Uluguru na Nguru, katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, na katika matawi ya Pangani, Wami, Ruvu, Athi na Tana. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwapata walipo bila kuwabomolea makao, na wa anayetaka kuwafuga kwenye tangi la kioo wakadumu miaka.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: makao ya samaki hawa ni mwanya ulio kati ya jiwe na sakafu ya mto. Jiwe lenyewe ni paa tu. Jiwe kubwa lililozama matopeni halina nafasi hata ya kiluwiluwi, na jiwe dogo lililokaa juu ya kokoto tatu linaweza kuficha kambare wawili. Mwanya unaofaa una sifa tatu: kimo chake kinakaribia unene wa samaki kiasi kwamba mgongo unagusa dari au tumbo linagusa sakafu, maji yanapita ndani yake, na mwanga hauingii moja kwa moja. Ikikosekana moja kati ya sifa hizo, samaki atahama.

Wajue kwa makao yao

Wa kwanza ni Chiloglanis, kambare wenye mdomo wa kunyonya. Midomo yake na baadhi ya sharubu zimeungana kuwa duara kama kikombe cha mpira, na kwa hicho hushika jiwe katikati ya maji ya kasi. Anayejulikana zaidi kwetu ni Chiloglanis deckenii wa bonde la Pangani, aliyeelezwa kisayansi na Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, mwaka 1868. Hafikii sentimita 10. Mtafute pale maji yanapovunjika na kutoa povu jeupe, kwenye mawe ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa cha mtu. Hukaa chini ya jiwe na ubavuni mwake, mara nyingi kichwa kikielekea maji yanakotoka. Ana miiba ya kujikinga, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani.

Wa pili ni Amphilius, kambare wa milimani. Huyu hana kikombe mdomoni wala miiba. Tumbo lake ni bapa, na mapezi ya kifuani na ya tumboni ni mapana, yamelala kama mikono iliyokunjuliwa. Hujibana nayo kwenye jiwe. Amphilius uranoscopus alipewa jina linalomaanisha mtazama mbingu, kwa kuwa macho yake yako juu ya kichwa. Usambara yupo Amphilius krefftii, na Kenya kuna Amphilius athiensis na Amphilius grandis. Hawa hupenda mawe yaliyorundikana ovyo, jiwe juu ya jiwe, yenye matundu yanayopenya ndani. Ni wakubwa kuliko Chiloglanis, wengine hupita sentimita 15, na kwa hiyo mwanya wao ni mpana zaidi.

Wa tatu, Zaireichthys, hahitaji jiwe kabisa. Ni miongoni mwa kambare wadogo kuliko wote Afrika, wengi wao sentimita tatu au nne. Makao yake ni mchanga safi wenye chembe ndogo, hasa pale bwawa la mto linapoishia na maji yanaanza kukimbia tena. Hujifukia, akabakiza macho tu juu. Kwa sababu hiyo wavuvi wa wavu wa kawaida hawamwoni. Hupita katikati ya nyuzi au hubaki mchangani.

Halafu wapo wa ukingoni. Gogogo, yaani Synodontis, ambaye sehemu nyingine huitwa ngogogo, hujificha chini ya magogo, kwenye mizizi ya mikuyu iliyoning'inia majini, na chini ya kingo zilizoliwa na maji. Kambare wembamba wa jamii ya mumi, kama Clarias liocephalus wa nyanda za juu na Clarias alluaudi wa bonde la Ziwa Victoria, hukaa kwenye mafunjo, matete na mashimo ya ukingo. Hawa huvuta hewa juu ya maji, hivyo wanaweza kuishi pale ambapo Chiloglanis angekufa haraka.

Kusoma kijito kabla ya kuingia

Nenda wakati wa kiangazi, maji yakiwa kati ya sentimita 10 na 40 na yanaonekana mpaka chini. Mvua zinapoanza acha: maji ni hatari, na ndio wakati wengi wa samaki hawa huzaa. Uliza kwanza. Ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa hifadhi huruhusiwi kushika samaki bila kibali, na nje ya hapo pia ofisi ya uvuvi ya wilaya ndiyo itakayokuambia leseni gani inahitajika. Kupita tu na kutazama mawe hakuhitaji vifaa vya gharama: mabuti ya mpira, kijiti chenye alama za sentimita, na ndoo nyeupe. Vaa mabuti hata kama maji ni kidogo. Kichocho hupatikana zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye konokono na majani, na utalazimika kuyapita ili uyafikie maji ya kasi. Mto wenye mamba au viboko usiingie, hata karibu na kingo.

Simama ukingoni dakika tano na ugawe kijito kwa macho. Kuna maji ya kasi yanayopita juu ya mawe, kuna bwawa lililotulia, kuna mkia wa bwawa wenye mchanga, na kuna ukingo wenye mizizi. Kila sehemu ina wenyeji wake kama walivyoelezwa hapo juu, na anayeanza hupoteza muda mwingi bwawani kwa kuwa ndiko kunakoonekana kuna samaki. Kambare wadogo wengi wako kwenye maji ya kasi, na sababu yake inafaa kueleweka. Maji yanayoanguka juu ya mawe huchanganyika na hewa, na maji baridi hubeba hewa nyingi zaidi: usawa wa bahari, maji yaliyoshiba hewa huwa na takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita yakiwa nyuzi joto 20, lakini 7.6 tu yakiwa nyuzi 30. Pili, karibu kabisa na sakafu na nyuma ya mawe kasi ya maji hupungua sana. Weka kidole juu ya jiwe kisha kishushe nyuma yake, utahisi tofauti mwenyewe. Samaki anayelala kwenye mwanya hupata oksijeni ya maji ya kasi bila kupambana nayo, na mabuu ya wadudu anaowala wamejaa kwenye mawe hayohayo.

Sasa pima mwanya. Chagua mawe 10 bila kuchagua mazuri: piga hatua mbili, shika jiwe lililo mbele ya buti, piga tena mbili. Kila unapolinyanyua kidogo, tazama mstari ulio ubavuni mwake. Sehemu iliyokuwa wazi ina utelezi wa mwani na rangi ya kijani au kahawia. Iliyofukiwa ni safi au ina madoa ya udongo. Kadiria kimo kilichofukiwa. Mawe mengi yakiwa yamezama chini ya robo ya kimo chake, kijito kina afya na mianya iko wazi. Yakizama nusu au zaidi, mianya imezibwa na tope laini, na hata ukikuta maji meupe juu yake usitegemee kumwona Chiloglanis. Tope hilo hutoka kwenye mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, uchimbaji wa mchanga, na mahali ng'ombe wanaposhukia kunywa. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na sababu mojawapo ya maana ya umbali huo iko hapa, chini ya jiwe. Nyasi na miti ya ukingo hushika udongo kabla haujafika majini.

Kinachosaidia pia ni harufu. Jiwe ukiligeuza na upande wa chini ukawa mweusi na kunuka yai viza, hapo maji hayapiti. Upande wa chini wa jiwe zuri hauna harufu na mara nyingi una mabuu yamejishikiza.

Kuinua jiwe na kulirudisha

Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja ashike wavu wa mkono wenye matundu ya milimita 3 au 4, mdomo wake ukigusa sakafu, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye jiwe, upande yanakoelekea maji. Wa pili asimame kando, asisimame juu, kwa sababu kivuli na mtikisiko wa miguu huwasukuma samaki ndani zaidi. Anyanyue jiwe polepole kuanzia ukingo unaotazama wavu. Samaki akitoka, mkondo utamwingiza wavuni. Asipotoka, hesabu mpaka kumi kabla ya kulirudisha. Chiloglanis mara nyingi huinuliwa pamoja na jiwe, amelishika kwa mdomo. Ligeuze juu ya ndoo yenye maji na umsukume taratibu kwa kidole chenye maji, kutoka upande wa mkia kuelekea kichwani. Usimvute.

Jiwe lirudi palepale, upande uleule chini, katika shimo lake lilelile. Kuligeuza upande wa mwanga chini huua mwani wa juu na mabuu wa chini kwa pamoja, na mwanya uliochukua misimu kadhaa kuundwa hupotea kwa dakika moja. Gusa jiwe moja katika kila kumi, kisha sogea. Usiingize jiti kwenye mashimo ya ukingo. Kingo hizo zikibomoka ndizo zinazoleta tope.

Samaki mwenye miiba akinasa wavuni, kata nyuzi mbili tatu za wavu. Miiba ya Chiloglanis na gogogo hujifunga ikiwa imesimama, na kumvuta kunang'oa pezi. Ukichomwa, osha jeraha kwa sabuni na uzamishe mkono kwenye maji ya moto unayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa muda wa nusu saa. Joto hupunguza maumivu. Uvimbe ukiongezeka siku ya pili nenda zahanati.

Kwa kutazama bila kugusa, rudi usiku na tochi iliyofunikwa karatasi ya nailoni nyekundu. Saa moja baada ya giza kuingia wanaanza kutoka. Ukikaa kimya ukingoni utawaona wakikwangua mawe, na hiyo inakufundisha zaidi kuliko wavu.

Tangi linaloiga mto

Kwanza jiulize unaishi wapi. Anayekaa Lushoto, Arusha, Limuru au Mbeya ana maji baridi bila kugharamia, na Amphilius au Chiloglanis watakaa vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 23. Anayekaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chumba chenye nyuzi 30, asiwafuge samaki wa milimani asipokuwa na chombo cha kupoza maji. Barafu kwenye chupa haitoshi. Hupandisha na kushusha joto mara tatu kwa siku, na hilo ni baya kuliko joto lenyewe. Pwani chukua gogogo wadogo, wanaostahimili nyuzi 25 hadi 28.

Kosa lingine la mwanzo ni kununua kifaranga cha kambare wa kufugwa ukidhani ni wa kijitoni. Kifaranga cha mumi, Clarias gariepinus, ni kizuri na rahisi kupatikana, lakini samaki huyo hupita mita moja akikua, na kabla ya hapo atakuwa amewala wenzake wote. Mtambue kwa jozi nne za sharubu na pezi la mgongoni refu linalokwenda karibu na mkia. Amphilius ana jozi tatu na pezi fupi.

Kwa Chiloglanis sita, tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 35 linatosha. Ukilijaza mpaka sentimita 30 lina lita 108, na mawe yakiingia hubaki kama 90. Urefu na upana una maana kuliko kina. Maji yanatakiwa yaende upande mmoja, kama mto, na njia rahisi ni hii: laza mabomba mawili ya PVC ya milimita 20, kila moja sentimita 65, sambamba kwenye sakafu ya kioo. Kila bomba liwe na kiwiko kinachotazama juu kwenye ncha zote mbili. Upande wa kushoto unganisha kila kiwiko na pampu ya kuzama ya lita 800 kwa saa, mdomo wa pampu ukitazama kulia. Upande wa kulia, juu ya kila kiwiko, vika kipande cha sponji chenye matundu makubwa, urefu wa sentimita 10. Pampu zitavuta maji kupitia sponji, chini ya mchanga, na kuyarusha juu kutoka kushoto kwenda kulia. Jumla ni lita 1,600 kwa saa, yaani maji yote huzunguka karibu mara 18 kwa saa. Kasi halisi itapungua sponji zikichafuka, kwa hiyo usinunue pampu ndogo ukategemea namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Viungo vya bomba vibane bila gundi. Ukilazimika kutumia gundi ya PVC, ikauke siku mbili nje ya tangi na bomba lioshwe. Waya wa pampu ulegezwe ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji lidondoke chini lisiingie kwenye umeme. Chomoa plagi kila unapoingiza mkono.

Endesha tangi bila samaki wiki nne hadi sita, ukitia kidogo cha chakula ili bakteria wa sponji wakue. Kipimo cha amonia na cha nitriti, sumu za uchafu ambazo bakteria hao huziondoa, vyote viwe sifuri kabla ya samaki wa kwanza. Maji ya bomba yaache kwenye pipa saa 24 na jiwe la hewa, lile la kutoa viputo, likiwa linafanya kazi, ili klorini itoke.

Kujenga mianya

Mawe yachukuliwe yaliyokwisha kulainishwa na maji, urefu wa sentimita 10 hadi 25, bapa upande mmoja. Nunua kwa wauza mawe ya ujenzi. Kuyatoa kijitoni ni kubomoa makao ya samaki walewale unaowapenda. Dondoshea siki kila jiwe. Likitoa povu lina chokaa, litapandisha ugumu wa maji, liache. Matumbawe na makombe ya pwani yaache pia.

Weka mawe kabla ya mchanga. Jiwe linalokaa juu ya mchanga litazama pale samaki watakapochimba, likamlalia samaki wako au kupasua kioo. Panga kokoto tatu zenye kimo kimoja kama mafiga, kisha laza jiwe bapa juu. Kimo cha kokoto ndicho kimo cha mwanya, na kipimo chake ni penseli. Penseli moja ina unene wa karibu milimita 7. Kwa Chiloglanis wa sentimita 5 au 6, mwanya wa penseli mbili. Kwa Amphilius wa sentimita 12, penseli tatu. Ukiwaonea huruma ukawapa pango pana la sentimita 8, watalikataa na kwenda kujibana nyuma ya pampu, kwa kuwa mgongo hauna cha kugusa. Jiwe likitikisika, funga mafiga kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya ukungu, na uiache siku mbili ikauke.

Mwanya uwe wazi pande mbili, mmoja ukitazama yanakotoka maji. Ukiwa wazi upande mmoja tu, uchafu huingia na hautoki. Jaribu kwa chai ya rangi iliyopoa, isiyo na sukari: dondosha matone machache mbele ya mwanya kwa bomba la sindano. Rangi ikipita na kutokea nyuma ndani ya sekunde mbili tatu, sawa. Ikituama ndani, zungusha jiwe kidogo au sogeza kokoto ya mbele. Rudia jaribio hili kila mwezi, maana mwanya wa tangini huziba kama wa mtoni.

Idadi ya mianya izidi samaki kwa nusu: samaki sita, mianya tisa. Wenye nguvu hutwaa ile iliyo karibu na pampu, na mnyonge akikosa pa kwenda atakaa kioo cha mbele mchana kutwa mpaka akonde. Kwa gogogo tenganisha mapango kwa sentimita 20 na uweke jiwe la kusimama katikati, wasionane. Pango la gogogo liwe na dari laini. Hupenda kujigeuza na kulalia dari kwa tumbo.

Vifaa vingine vya maficho vinapatikana nyumbani. Kifuu cha nazi kilichokatwa nusu na kutobolewa mlango wa sentimita 3 kinafaa gogogo mdogo. Kichemshe dakika 30, badilisha maji, rudia mpaka rangi ya kahawia ipungue. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichovunjika, kinafaa pia baada ya kulowekwa wiki moja na makali yake kusuguliwa kwa msasa. Bomba la PVC la sentimita 4 hadi 5 ni la Clarias mwembamba wa sentimita 15 hadi 20; likate liwe mara moja na nusu ya urefu wake. Mizizi iwe mikavu kabisa na isiyo na utomvu. Mnyaa na utupa usiviingize hata kipande: ndivyo watu walivyotumia tangu zamani kulevya samaki mtoni.

Mchanga uwe wa mto, chembe za nusu milimita hadi milimita mbili, uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Weka wa kufunika mabomba, sentimita 3 hadi 4. Kwa Zaireichthys uwe laini, chini ya milimita moja, kina cha sentimita 3 hadi 5, na eneo la angalau robo ya tangi lisiwe na jiwe hata moja. Ukizidisha kina, tabaka la chini huoza na kutoa gesi ya yai viza. Kokoto kali za madukani, zile za rangi, huchubua sharubu. Sharubu zikifupika, tafuta sababu kwenye sakafu kabla ya kununua dawa.

Chakula kinahusu maficho kuliko watu wanavyodhani. Chiloglanis anakwangua. Weka mawe manne bapa kwenye beseni la maji juani wiki mbili au tatu mpaka yawe na utelezi wa kijani, kisha yaingize tangini na utoe mengine manne yarudi juani. Ongeza mabuu ya mbu kutoka maji safi, usichote mtaroni, na uduvi uliosagwa. Lisha baada ya taa kuzimwa, na upeleke chakula kwa bomba la sindano mpaka mdomoni mwa mwanya. Ukirusha juu, samaki wengine watakimaliza na wewe utadhani kambare wako hali.

Wakianza kukaa pasipo pao

Kambare anapoacha mwanya mchana, amekwisha kukueleza tatizo. Wote wakishika kioo karibu na mdomo wa pampu, oksijeni ni ndogo: pima joto, osha sponji kwa maji ya tangi uliyoyatoa, si ya bomba, na ubadilishe asilimia 30 ya maji. Mmoja tu akiwa nje, amefukuzwa. Ongeza mianya miwili upande wa mbali. Wakijibana ndani ya sponji au nyuma ya pampu, mianya yako ni mipana mno au maji hayapiti ndani yake. Chiloglanis hufuata mkondo mpaka ndani ya kinywa cha pampu, kwa hiyo kinywa kisichofunikwa sponji ni kaburi.

Umeme ukikatika, tangi la samaki wa maji ya kasi lina saa chache tu. Weka pampu ya hewa ya betri iliyo tayari, na betri zake zipimwe kila mwezi. Ukiwa huna, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, dakika mbili katika kila kumi, na usilishe mpaka umeme urudi. Sponji zilizokaa saa nyingi bila maji kupita zioshwe kabla ya kuwasha, la sivyo uchafu wake wote utaingia kwenye mianya kwa mpigo.

Funika tangi. Samaki wa jamii ya Clarias husukuma kifuniko kwa kichwa, kwa hiyo kiwe kizito, na ubakize sentimita 5 za hewa chini yake kwa kuwa ndipo wanapovuta pumzi. Na samaki uliyemchoka, wa aina yoyote, asimwagwe mtoni, hata kama ni mto wa karibu na ulikomtoa. Anaweza kubeba vimelea vya tangi, na samaki wa Pangani aliyetupwa Wami huvuruga ukoo uliotengana na wake kwa muda mrefu sana. Mpe mfugaji mwingine anayejua kupima mwanya.